Uzi wa Waridi Kwenye Feni

Siku zile mjinga alikuwa Mbaruku. Tuliseme mapema, tusije tukamsingizia kaka wa msichana, ambaye zamu yake naye itafika.

Mbaruku alikuwa fundi wa kompyuta Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, kwenye kona ya duka la Mzee Ravindra, muuza redio na feni. Ilikuwa miaka ile kontena za Dubai zikishusha kila kilichokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Meza yake ilibanwa kati ya maboksi na ukuta, hata akitaka kujikuna mgongo sharti aombe njia. Hapo ndipo wimbi la watu lilipoukwepa mkokoteni na kumtupa msichana ndani ya duka, kakumbatia laptop kama kitoto kichanga. Baibui lake lilikuwa na nakshi za fedha mikononi, mtandio wa kijani umeteleza, na ncha ya pua inametameta kwa jasho.

"Samahani, sikuwa naja hapa. Nimesukumwa."

"Kila anayekuja hapa kasukumwa," alisema Mbaruku. "Mgonjwa nani, wewe au huyo?"

"Huyu. Anawaka kama kikaango. Ni ya kaka Abdulswamad, anachezea gemu za mpira. Akikaribia kufunga goli picha inaganda, halafu mashine inajizima yenyewe."

"Pole yake. Na wewe?"

"Mimi sichezi."

"Nilikuwa nauliza jina."

"Hukuuliza jina wewe!" Akacheka hata hivyo. "Badria."

Mbaruku akaifungua. Feni imevaa vumbi, na ile dawa inayopakwa juu ya prosesa ili joto lipite imekauka kama ukoko. Akasafisha, akapaka nyingine, akaiwasha. Joto likashuka. Badria akashukuru, akaenda zake.

Wiki iliyofuata akarudi nayo, inachemka. Akarudi tena. Mbaruku akabadilisha feni nzima, ikarudi. Na kila ikirudi kulikuwa na kusubiri, na duka lina kigoda kimoja kibovu, na Badria akikikalia goti lake linagusa meza ya fundi.

Wakazungumza mengi hapo penye kigoda kile. Badria alimweleza kuwa nyumba yao ya zamani ilibomolewa, pakasimama ghorofa. Wao wamepewa vyumba juu, dirisha lina nondo na linatazama ukuta wa ghorofa jingine, karibu kiasi cha kuupapasa. Kaka ndiye anayelisha, kwa hiyo kaka ndiye mwenye ufunguo. Hakuna kutoka bila shughuli.

"Siku ninayotoka," alisema, "ndiyo siku mashine imechemka."

"Pole sana," akajibu Mbaruku, na akaendelea kukaza skrubu. Nilikwambia, siku zile hakuwa mzima.

Simu yake ikawa inapokea bipu moja asubuhi: maana yake imechemka, nakuja. Akiisikia hunyoosha shati. Lakini roho ya ufundi nayo ilimuuma, maana Mzee Ravindra hakumwacha.

"Wewe hospitali gani? Mgonjwa mmoja, anaingia anatoka, anaingia anatoka!"

Basi siku moja, Badria alipovuka barabara kununua juisi ya miwa, Mbaruku akaimulika feni kwa tochi. Kumbe kuna uzi wa sufu, rangi ya waridi, umejizungusha kwenye mapanga. Akaelewa palepale. Nyumba gani ya pwani isiyo na vitambaa vya kufuma? Televisheni ina chake, redio ina chake. Akaruka kwa furaha, wala hakungoja kumwuliza mtu. Akampigia mwenye mali, kwa namba iliyoandikwa kwenye risiti.

"Kaka Abdulswamad? Fundi hapa. Ugonjwa nimeupata! Mashine inalazwa juu ya kitambaa cha kufuma, matundu ya hewa yanaziba. Kitoe, iweke kwenye meza tupu. Hutanihitaji tena!"

"Mungu akulipe, fundi! Kitambaa cha Badria hicho. Leo leo nakitoa."

Badria alikuwa amesimama mlangoni, glasi mbili mikononi.

"Umempigia nani?"

"Kaka yako! Hairudi tena hapa, naapa."

"Wala mimi," alisema. Akaziweka glasi zote mbili mezani, akabeba laptop, akaondoka.

Bipu zikakoma. Mbaruku akadhani mwenzake kaona aibu, akamwandikia ujumbe: *Usijali mpenzi, hata mimi nilishawahi kuunguza mashine.* Hakujibiwa. Akaanza kuzitazama kwa chuki kompyuta zinazopoa.

Hatimaye simu ikaita kweli. Sauti ilikuwa ya kunong'ona, na nyuma yake maji yakitiririka bafuni.

"Mbaruku, ujinga umezaliwa nao au umeusomea?"

"Badria! Umenisamehe kuhusu kitambaa?"

"Unafikiri nilikifuma cha nini? Nilikifuma kizito makusudi! Mashine ikichemka, kaka anafungua mlango. Nilikwambia kwa mdomo wangu."

Mbaruku akaketi kwenye kigoda. "Ulikuwa unaichoma prosesa ya watu ili..."

"Ili nije nikalie kigoda chako kibovu. Sasa mashine inapoa, kaka anafunga magoli, mimi nahesabu matofali ya jirani. Ahsante, fundi."

"Nifanye nini, roho yangu?"

"Wewe si fundi? Fungua." Akakata.

Desturi inataka mwoaji abaki nyumbani, washenga waende. Mbaruku hakuwa na mzee mjini, na kusubiri kulishamshinda. Akavaa kanzu iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, akapanda ngazi za kina Badria na Mzee Ravindra aliyebeba boksi la halua. Mbaruku akajitaja kuwa fundi wa laptop, na mama yake Badria, Bi Siwema, akawakaribisha. Abdulswamad alikuwa mezani, mechi ikiendelea.

"Fundi! Mashine nzima. Nani kakuita?"

"Hatukuja kwa mashine, kijana," alisema Mzee Ravindra. "Tumekuja kwa binti."

Abdulswamad akasimamisha mechi. "Binti? Huyu nasikia anaishi chumba cha uani, mtaa wa Gerezani! Dada yangu hapa anakula, anavaa, anakosa nini?"

"Mlango," akasema Mbaruku.

"Mlango wa kwenda wapi, kwa wahuni? Usinifundishe. Kitu cha thamani hufunikwa!"

Pazia likasogea. Badria akatoka na dera la zambarau na sinia la kahawa. Akaliweka sinia kwa adabu, akakitoa kitambaa cha waridi begani, akakikunja mara mbili, akaiinua laptop na kukilaza chini yake. Feni ikaanza kuguna, ikalia, ikapiga yowe.

"Badria! Utaiua!" Abdulswamad akaruka, akakinyofoa kitambaa kwa mikono miwili.

"Kumbe kufungulia hewa unajua, kaka," alisema Badria. "Haya, na mlango, kwa haraka hiyohiyo."