Pima Mia Tano

Delmar aligeuza ufunguo, akautia mfukoni.

Majaliwa akajua kwamba mtegoni ameingia kwa miguu yake mwenyewe.

Chumba kilikuwa ghorofani, katika nyumba kongwe ya mawe nje ya Kaole. Kilikuwa na dirisha moja lenye mbao nzito za mninga, likitazama bahari. Katikati, juu ya miguu mitatu, ilisimama mashine ya kupimia masafa kwa redio, toleo jipya la mwaka huo wa 1958. Inarusha mawimbi, mashine ya pili inayarudisha, nayo inakwambia ile ya pili iko umbali gani. Moja ilikuwa hapa. Nyingine ilikuwa ndani ya meli Orsina.

Na Orsina ilikuwa imejaa bunduki.

"Fundi," alisema Delmar, bastola ya Walther mkononi. "Au nikuite jasusi?"

 Siku tatu Majaliwa alijifanya fundi redio wa kutoka Dar. Redio yake ndogo ya siri, aliyonyang'anywa mlangoni, ilikuwa mezani ikimcheka.

"Mwendeshaji wangu yuko hoi kwa malaria, kwa hiyo utamsomea nahodha wewe. Ukungu wa masika umefunika, haoni mwamba. Akifika maili sita kamili kutoka hapa, anakata kushoto, anapita kwenye mlango wa mwamba. Mlango una upana wa yadi themanini. Ukidanganya, risasi."

"Na nisipodanganya?"

Delmar alitabasamu tu.

Majaliwa aliogopa, tena aliogopa sana. Meli ikiingia, bunduki zitafika kwa wanunuzi wa Delmar huko Miono kabla ya Ijumaa. Naye hatajulikana hata kaburi lake liko wapi.

"Lakini mimi si mjinga," Delmar aliendelea. "Kwanza tunaijaribu. Mzee, mwambie."

Mzee Bwanaheri, muuza boriti, alikuwa amekaa mkekani na kamba yake begani. Yeye aliambiwa meli inaleta petroli ya magendo.

"Shikamoo, mzee," alisema Majaliwa. Bastola haiondoi adabu.

"Marahaba, mwanangu." Hakumtazama usoni. "Kutoka hapa mpaka ile nguzo ya ufukweni, yenye mashine ya tatu, ya majaribio, ni pima mia tano. Nimepima mara mbili. Kamba hii ya marehemu baba, aliipima kwa mikono yake."

"Pima moja, futi sita," alisema Delmar. Kipimo hicho alikisoma kitabuni. "Futi elfu tatu. Soma!"

Majaliwa alizungusha vifundo, akasoma. Akasoma tena.

"Elfu mbili mia tisa na sabini."

Mdomo wa Walther ukamgusa sikio.

"Umeiharibu."

"Sijaigusa! Mashine ni sahihi. Kamba ndiyo fupi."

Bwanaheri akaja juu. "Kamba ya baba yangu fupi? Pwani nzima imenunua boriti kwa kamba hii!"

Majaliwa akamtazama vizuri. Mzee alikuwa mfupi, na mikono mifupi. Kama baba mtu alikuwa hivyo hivyo, basi hesabu imeisha. Pima ni mikono ya mtu iliyonyooshwa, na wateja wa marehemu walilijua hilo, wakapatana bei kwa mikono yake. Delmar alijua kitabu tu.

"Bwana, huku kila mtu na pima yake. Mashine usiiguse, utaipotosha."

Ilimtoka tu, uchungu wa fundi anayeona chombo kizima kinaharibiwa.

Ndipo akili ikamfunguka.

"Isawazishe," alisema Delmar, "mpaka isome elfu tatu."

"Nakuomba, Bwana. Iko sawa."

"Isawazishe!"

Majaliwa akashika bisibisi. Akazungusha taratibu. Kwa nguzo ya ufukweni, kosa ni futi thelathini. Kosa hukua na masafa: kwa maili sita ni zaidi ya futi mia tatu, na mlango wote ni futi mia mbili na arobaini tu.

"Elfu tatu," akasema.

"Unaona?" Delmar alicheka.

Simu ya mashine ikakoroma. "Orsina. Masafa?"

"Maili saba."

Jasho lilimtiririka. Mdomo wa bastola haukubanduka shingoni.

"Masafa?"

"Sita na nusu."

Delmar alihakiki mwenyewe kila namba. Zote zilikuwa kama mashine ilivyosema.

"Sita kamili."

"Nakata kushoto."



Kisha, simuni, chuma kikalia juu ya jiwe. Mtu akapiga kelele: "Mwamba! Mwamba!"

Delmar alirukia dirishani, akaegemea kizingiti kwa mkono wa bastola, akichungulia ukungu.

Majaliwa aliubamiza ubao wa mninga juu ya mkono huo kwa nguvu zake zote.

Mfupa ukavunjika. Walther ikaanguka ndani, naye akaiokota, akachukua na redio yake mezani, akaita kituo chake.

"Mkoko, hapa Tisa. Meli ya bunduki imenasa mwambani, maili sita kutoka Kaole. Pelekeni boti."

"Mkoko nimepata. Wewe mzima?"

"Mzima."

"Bunduki?" Bwanaheri aliinuka. "Ewe Bwana, si ulisema petroli?" Akatema mate chini.

Delmar alikuwa sakafuni, ameukumbatia mkono wake. "Ulinidanganya!"

Majaliwa aliuchomoa ufunguo mfukoni mwa Delmar.

"Neno la uongo hujalisikia kwangu leo, Bwana. Nilikwambia kweli, ukanitolea bastola niifute."

Akafungua mlango, akampisha mzee atangulie, akaufunga kwa nje. Akashuka ngazi polepole, akipangusa jasho.