Benchi la Nyuma Halikaliwi na Mwanaume

— Umelitaja jina langu kwa mchungaji?

Hata salamu hakutoa, Iakopo. Vaosa alikuwa anamenya magimbi ya Jumapili nyuma ya nyumba yao, huko kisiwani Savai'i, simu ameibana begani, tumbo la miezi sita likimzuia kuinama.

— Sijalitaja.

— Asante, mpenzi. Vumilia. Nikishapokelewa chuo cha uchungaji, nakuoa. Kesho ukikaa nyuma, usiniangalie.

— Na wewe utakaa wapi?

— Mbele. Kwani kwaya anaongoza nani?

Vaosa akacheka kicheko kikavu.

— Iako, nisikilize. Siku waliponivua nguo nyeupe na kunitoa kwenye meza ya Bwana, nilidhani aibu itaniua. Haikuniua. Ilinipigisha magoti, nikamwambia Mungu kila kitu bila kupamba. Nikainuka mwepesi. Ni dawa chungu, na mimi nimeshainywa. Ya kwako umeifungia kabatini.

— Sasa unanihubiria?

— Nakuacha. Sitaki mume wa kumbebea aibu yake maisha yangu yote.

Akakata. Ujumbe ukaingia: "Vao, usinifanyie hivi. Baba ataniua."

Akajibu: "Wangu mbona hakuniua?"

Kesho yake kanisa zima lilikuwa jeupe: magauni, kofia, makoti ya wanaume. Siku ya meza ya Bwana. Vaosa aliingia na gauni la maua, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la nyuma, la waliotengwa. Kabla yake alikalishwa hapo Tiresa. Kabla ya Tiresa, mama yake Tiresa. Ungedhani wote walipewa mimba na upepo, maana benchi hilo halijawahi kukaliwa na mwanaume hata mmoja! Wanaume wenyewe hukaa mbele, wakatafuna mkate wa Bwana na kufuta midomo.

Mama mmoja akageuza shingo.

— Maua yote hayo, umekuja harusini?

— Nyeupe si mmeninyang'anya, shangazi?

Mbele, Iakopo akainua mkono kuanzisha wimbo. Mkono ukabaki juu. Kwaya ikasubiri, vinywa wazi. Kisha akaushusha, akawageukia watu.

— Mimba ya Vaosa ni yangu.

Baba yake, Aperaamo, shemasi mkuu, akasimama kama amechomwa mwiba.

— Iakopo! Kaa chini! Unaniaibisha!

— Najiaibisha mwenyewe, baba, na nimechelewa. Kila nikifungua mdomo kuimba, moyo unaniambia, mwongo wewe. Nimechoka kuuziba mdomo.

— Na chuo je?

— Mungu akinitaka, anajua nilipokaa.

Akavua koti lake jeupe, akaliweka juu ya kinanda, akaanza kuteremka katikati ya mabenchi. Wanaume kadhaa walikuwa wanatazama vidole vyao vya miguu. Wanajulikana.

Akapiga magoti mbele ya Vaosa.

— Nisamehe. Nimekuacha uibebe peke yako.

Vaosa alimtazama. Jasho na machozi vinamtiririka.

— Unaona aibu?

— Nateketea.

— Na moyo?

Akafikiri kidogo, kama mtu anayepapasa mahali palipokuwa na jipu.

— Mwepesi. Sijui kwa nini.

— Mimi najua. Sogea hapa, ukae.

Mchungaji akavua miwani, akaifuta.

— Leo hamtapokea mkate, nyinyi wawili. Siku mtakayorudishwa, mtarudishwa pamoja. Na ndoa nitaifungisha mimi.

— Umesikia, Vao? Utanikubali?

— Pamoja, — alisema Vaosa, akamshika mkono mbele ya wote.

Kwaya ilikuwa imesimama tu, haina kiongozi. Basi Vaosa akainuka na tumbo lake, akavuta pumzi, akauanzisha wimbo kutoka benchi la nyuma. Sauti ya kwanza ikamfuata, kisha ya pili, kisha besi. Kwaya nzima ikaipa madhabahu mgongo, ikaimba ikimwelekea yeye.