Sahani ya Nane

Karambu alipakua sahani saba za chakula cha mchana, zikarudi nane. Ya nane ilikuwa imelambwa ikang'aa, nayo ilinuka tope na matete yaliyooza.

Mpishi huyu wa loji ya ziwani, katika msitu ulio juu ya mji mdogo wa Ruiri, hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Angekuwa hivyo, asingemleta Ciku, bintiye wa miaka minne, kukaa naye kazini shule zikifungwa. Lakini siku ile aliiacha kazi, akaibeba sahani hiyo. Alimwendea Kathuri, mzee wa kuni.

"Mzee, kuna mgeni amekuja?"

Kathuri aliinusa sahani, akaiweka chini. "Asubuhi ulihesabu watu?"

"Si meneja aliuliza tuko wangapi? Nikahesabu tu, mpaka Ciku. Saba."

"Kwa kidole?"

Karambu akakikunja kidole chake cha shahada. Mama yake alikuwa akimchapa kwa kosa hilo hilo: mbuzi hawahesabiwi, sembuse watu.

"Mzungu wa loji ya kwanza alikuwa anahesabu wafanyakazi kila asubuhi," Kathuri alinong'ona. "Ya pili wakahesabu wageni. Zote zimebaki mawe huko kichakani. Kitu ya hii maji haijui tuko wangapi mpaka tuiambie. Sasa imejua, inataka nafasi. Usirudie, mwari, binti yangu. Ukihesabu tena, inaingia, na mmoja wetu anatoka."

Saa moja jioni ukungu ukashuka. Wote wakajifungia jikoni, Karambu akimshika Ciku mkono, na huko nje nyayo zenye maji zikaanza kuzunguka nyumba, chwap, chwap, zikasimama mlangoni, harufu ya tope ikapenya chini ya mlango, taa ikazimika, na katika giza lile kile kiganja kidogo kikamponyoka.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Taa ilipowaka tu, Karambu alisahau onyo lote, akanyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu... saba.

Wametimia! Akashusha pumzi. Wa saba alikuwa yule mama mwembamba wa nywele zinazochuruzika, waliyemzoea siku zote.

Kando ya jiko palikuwa na ndara ndogo nyekundu.

"Hizi ni za mtoto wa nani?" aliuliza.

"Mtoto? Hapa hatuna mtoto," alijibu Kathuri, akishangaa kwelikweli.

Karambu akaziweka dirishani, labda mwenyewe angezijia. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakujua analilia nini.