Masizi kwenye Mkono wa Kanzu

Soko la Ndama lilikuwa limefurika siku hiyo, watu wanasukumana kati ya mikungu ya ndizi na vikapu vya kahawa ya kutafuna, Zubeiri alipohisi kanzu yake inavutwa kutoka nyuma. Akageuka kwa hasira. Msichana aliyejitanda leso nyekundu alikuwa ameinama, anahangaika kunasua shada zima la funguo lililonasa kwenye kanzu hiyo.

"Taratibu, dada. Kanzu ninayo hii moja."

"Basi simama tuli kama mwenye kanzu moja."

Zubeiri alikuwa fundi makufuli, kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye majivuno ya watu kumi. "Funguo zote hizi! Una nyumba ngapi?"

"Ni za baba yangu, Mzee Hatibu."

Hapo alielewa. Nani hakukijua chumba cha Mzee Hatibu? Tangu enzi za misafara ya pwani mzee yule alikusanya makufuli: la Muskati, la Bombay lenye umbo la samaki, hata hili zito la Wajerumani lililofika majuzi. Yote arobaini yalitundikwa ukutani, na Zuleha, bintiye, aliyapaka mafuta kila Alhamisi.

"Moja tu halina ufunguo," Zuleha alisema. "La babu. Alifia njiani, akazikwa Tabora, na ufunguo haukurudi."

"Nitalifungua mimi."

"Wamesema hivyo mafundi watano."

Mwezi haukuisha kabla Zubeiri hajapeleka posa. Mzee Hatibu alimtazama tangu kofia hadi ndara. "Lifungue kufuli la baba yangu kabla Ramadhani haijaandama, ndipo nikusikilize. Ukilivunja, usirudi."

Kazi ikaanza pale barazani. Zubeiri alipaka ufunguo mbichi, usiochongwa meno bado, masizi ya kibatari, akauingiza, akauzungusha, akauchomoa. Palipokwanguka masizi, hapo ndipo alipopitisha tupa. Zuleha alimshikia kibatari, na mama yake alikohoa nyuma ya pazia kila walipokaribiana.

"Leo nimepata jino la pili, mpenzi."

"Kwa mwendo huu utanioa nikiwa na mvi."

"Nitazipenda mvi zako."

"Piga tupa, wewe!"

Siku moja Zubeiri alikuja bila kutazamiwa. Mlangoni kwa Mzee Hatibu alitoka Shaaban, mfanyabiashara wa Kibingo, mrefu, kofia ya viua imekaa upande, anacheka. Mkono wa kanzu yake nyeupe ulikuwa na masizi. Nyuma yake Zuleha alikuwa anafuta vidole vyeusi kwenye leso.

Zubeiri aligeuza njia. Masizi yale yalikuwa na kazi moja tu, na kazi hiyo ilikuwa yake! Kumbe kufuli limewekwa mnadani, na yeye fundi ni mmoja wa wanunuzi. Alhamisi mbili hakwenda. Alikaa karakanani akisafisha tupa isiyohitaji kusafishwa, na kila kucheka kwa mtu njiani kulikuwa kucheka kwa Shaaban. Alijiuliza vidole vile virefu viligusana na vya Zuleha mara ngapi. Akala, chakula kikawa majivu.

Siku ya mwisho ya mwezi wa Shaabani, Ramadhani ikisubiriwa kuandama, alikwenda, akautupa ufunguo wake miguuni pa Zuleha.

"Mpe Shaaban wako amalizie! Moyo wangu si mlango wa kila mpita njia!"

"Umemaliza shairi?"

"Unakana?"

"Shaaban alifiwa na mama yake siku aliyozaliwa. Mama yangu ndiye aliyemnyonyesha, ziwa moja yeye, ziwa moja mimi. Ni ndugu yangu wa kunyonya, Zubeiri. Shehe gani atatuoza?"

"Na masizi?" Zubeiri aliuliza.

Zuleha akafungua fundo la leso, akatoa ufunguo mwingine. "Aliniletea tupa, akanishikia kibatari. Ulikosea jino la tatu. Ningekwambiaje, na majivuno yako hayo?" Akamtia ufunguo mkononi. "Fungua. Sema ni wako, yaishe."

Aliuingiza. Ukazunguka mara moja, laini, na kufuli la babu likaachia kwa mlio uliosikika hadi uani. Mzee Hatibu akatoka mbio, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kalifungua?"

Neno moja la uongo, na mke ni wake. Zubeiri alimtazama Zuleha, akatazama vidole vile ambavyo weusi ulikuwa haujatoka kwenye kucha. Shingo yake ngumu ikainama, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Zuleha, mzee. Wangu umeshindwa."

Mzee alilipapasa kufuli la baba yake kwa muda mrefu. "Niliahidi kumsikiliza atakayelifungua," alisema hatimaye, akamgeukia binti yake. "Haya, mwanangu. Sema."

"Namtaka huyu, baba. Ila siku ya harusi Shaaban ndiye atakayenisindikiza, na huyu atamshikia mwavuli."

Zubeiri alihisi damu inampanda kichwani. Mwavuli! Tena Shaaban!

"Nitaushika," alisema. "Lakini nitatembea katikati yenu."