Macho ya Ngao

Kila siku baada ya masomo, Sindano alipitia chumba cha bibi yake, fundi cherehani, kufagia vipande vya vitambaa. Bibi ndiye aliyempa jina hilo kwa wembamba wake. Mdogo wake wa darasa la kwanza naye Bibi alimwita Kifungo, kwa kuwa ni mviringo na hupotea hovyo.

Kwa vipande hivyo Sindano alijishonea barakoa nyekundu ya kufunika uso, yenye matundu mawili ya macho. Shuleni, wakubwa walikuwa wakiwasukuma wadogo watoke kwenye bomba la maji. Siku moja wakati wa mapumziko, akajitokeza amevaa barakoa na koti refu la mvua, akasimama pale bombani akiwakazia macho. Wakubwa walicheka. Kisha wakaacha kucheka, wakaondoka mmoja mmoja.

“Ngao! Ngao!” wadogo wakashangilia.

Wiki ya pili, mtoto mmoja alimpa Ngao biskuti ya shukrani. Wiki ya tatu, asiyekuwa na biskuti Ngao alimwonesha tu njia ya darasani kwa kidole, akarudi na kiu yake. “Wajifunze adabu,” Sindano alijisemea huku akitafuna. Wadogo hawakushangilia tena. Walipanga foleni kimya, macho chini.

Siku moja barakoa ikatoweka mkobani mwake. Aliikuta chumbani kwa bibi, imefungwa shingoni mwa sanamu la kupimia nguo, lile lisilo na kichwa.

“Bibi, nani amelivalisha?”

“Mimi naona nini, mjukuu wangu, na macho haya mabovu?”

Kesho yake sanamu lilitazama mlango. Keshokutwa yake lilitazama kiti anachokalia Sindano.

“Bibi, limegeuka!”

“Ligeuke, lina miguu?” Bibi akaendelea kukanyaga cherehani.

Sindano hakuthubutu kuigusa barakoa. Lakini shuleni aliona jambo lililomsisimua mwili. Ngao hakuwepo, na bado wadogo walipanga foleni kimya. Kila mmoja aliweka biskuti juu ya jiwe, akanywa haraka, akakimbia. Biskuti zilirundikana, hakuna aliyezigusa, hata wakubwa.

Siku hiyo Kifungo alianguka darasani. Bibi na Sindano walimkuta zahanati, midomo imekauka.

“Mtoto huyu hanywi maji mchana kutwa,” muuguzi alisema. “Mngechelewa, tungeongea mengine.”

“Biskuti sina,” Kifungo alinong’ona. “Ngao ananitazama.”

“Lakini Ngao siku hizi haji!” Sindano alisema.

“Yupo, dada. Haonekani tu.”

Sindano hakuwa amemgusa mdogo wake hata siku moja, na alijivunia hilo.

“Ngao ni mimi,” akasema.

Kifungo akajisogeza ukutani, mbali naye.

“Mshono ule wa kulegalega wa barakoa niliujua,” Bibi alisema. “Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Sikujua mtoto hanywi maji. Hapo nami nimekosa.”

Kifungo aliporudi shuleni, Sindano alisimama bombani uso wazi, mwalimu akiwa pembeni. Aliwaeleza wadogo kila kitu, akaomba radhi, kisha akaanza kuwajazia vikombe. Kifungo alikuja wa mwisho. Alimtazama dada yake kwa muda mrefu.

“Umevua?”

“Nimevua.”

“Yote?”

“Yote, mdogo wangu.”

Kifungo akanywa vikombe vitatu.

Jioni Bibi alimketisha Sindano. “Kuwatetea wadogo kulikuwa kuzuri. Ungewatetea kwa uso wako, wangekwambia mapema kwamba umeharibika. Lakini barakoa nani ataiambia? Ukitaka kutenda wema, mwanangu, tenda watu wakuone, wakukosoe.”

“Na barakoa iko wapi, Bibi?”

“Shujaa wenu nimempa kazi nyingine.”

Kifungo akageuka. Kaptura yake iliyotoboka ilikuwa na kiraka chekundu makalioni, na yale matundu mawili ya macho yamezibwa kwa uzi mweusi.

“Akaliwe mpaka apate akili,” Bibi alisema.

Wote walicheka. Lakini kila Kifungo alipompa mgongo, Sindano aliyaona yale macho mawili yakimtazama.