Vidole vya Fundi wa Injini Ndogo

Kama umeanza kubinua midomo kabla sijasema, nenda kasikilize redio. Aliyenisimulia ni shoga yangu, mfagiaji wa makumbusho, na yule hajui kuongopa hata kwa mumewe.

Adhuhuri moja umeme ulikatika. Chumba cha injini ndogo hakina dirisha, basi alimmulikia tochi shemeji yake, fundi wa pale, aliyekuwa akipaka mafuta injini ya mvuke yenye ukubwa wa kuku. Kawaida mafundi wa pale huchomoa kwanza mkanda wa gurudumu, hata kama injini imepoa. Siku hiyo fundi alivivia.

"Shemeji, mkanda."

"Haina moto wala maji, shemeji. Itaniuma kwa meno gani?"

Gurudumu likazunguka. Likavuta vidole viwili vya fundi na kuvikata, mifupa ikalia kama kuni kavu. Shoga yangu akanyakua nyundo, akaiponda ile injini mpaka shaba ikatapakaa sakafuni. Walinzi wakamkimbiza fundi hospitali. Punde daktari akapiga simu: vidole viletwe upesi, bado vitashoneka.

Shoga yangu akarudi chumbani na tochi, akapapasa kati ya vyuma. Hakuna kitu. Ndipo akasikia tiki, tiki, tiki, taratibu, upande wa pili wa chumba. Akamulika. Injini ya kusagia nafaka, ndani ya sanduku la kioo lenye kufuli na vumbi la mwaka mzima, ilikuwa inazunguka, na vidole vya shemeji yake vilikuwa vinaingia humo, kimoja baada ya kingine.

Alitoka, akafunga mlango.