Ng'ombe wa Mzee Mayige

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mji wa Bariadi, Minza alimsaidia shangazi yake kubeba gunia la dagaa hadi sokoni. Shangazi Apolonia aliuza dagaa wa Kalemela, na harufu yao ilimfuata Minza mpaka darasa la sita bila kuchoka. Njiani aliwasalimia wakubwa wote, "Mwangaluka," nao wakamjibu, "Mwangaluka, ng'wana Luhende," yaani mtoto wa Luhende. Minza alipenda sana kuitwa kwa jina la baba yake. Na kwa ajili ya jina hilohilo alijitia kwenye balaa ambalo hakujua namna ya kutoka.

Balaa lenyewe lilianza wakati wa mapumziko. Lucy, aliyekaa naye dawati moja, hakuwa mtoto mbaya, ila mdomo wake haukuwa na breki. Siku hiyo alimwuliza mbele ya wenzao, "Eti kwenu Bukundi ukame uliua ng'ombe wote? Sasa mlikuwa mnakula nini?"

Wenzao wakacheka. Minza akahisi uso unawaka.

Kweli aliijua vizuri, kwa sababu aliiona kwa macho yake. Ng'ombe wa baba yake walikufa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho akafia mlangoni pa zizi. Mama alikuwa na mtoto mchanga, Salu, na maziwa yalimkauka kwa njaa. Ndipo jirani yao, Mzee Mayige, alipokuja akiswaga ng'ombe wake mwenye pembe moja, akasema, "Kaeni naye. Kamueni, mtoto anywe." Desturi ya huko iko hivyo. Mwenye ng'ombe humweka mnyama wake kwa mtu asiye naye. Ng'ombe hubaki wa mwenyewe, ila maziwa huwa ya anayemtunza. Salu aliishi kwa maziwa yale. Baadaye baba alimleta Minza mjini kwa shangazi, ili nyumbani wapungue wa kulishwa.

Lakini Minza hakusema hayo. Alisema, "Wa kwetu hawakufa. Baba yangu ndiye aliyewagawia majirani ng'ombe wakamue."

Siku ile nzima Minza alitembea shingo juu, akidhani mambo yameishia hapo.

Yangeishia wapi, na Lucy ana mdomo? Wiki ileile Mwalimu Specioza, mwalimu wa maigizo, alikuwa akitafuta kisa cha tamasha. Shule za mkoa zilialikwa kuonyesha namna watu walivyouvuka mwaka wa ukame, na sharti lilikuwa moja: kisa kiwe cha kweli. Lucy akainua mkono haraka, akamsimulia mwalimu habari za baba yake Minza.

"Minza, ni kweli?" mwalimu akauliza, macho yakimng'aa kwa furaha.

Jamani, hapo mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu lingetosha. Minza akatazama wenzake, akatazama sakafu, akasema, "Ni kweli, mwalimu."

Basi igizo likatungwa, na Minza akapewa nafasi ya binti wa mgawa ng'ombe. Kila jioni alisimama chini ya mti wa uwanjani akitamka, "Baba, tuwape na majirani zetu," na kila jioni aliyatamka harakaharaka huku akitazama chini. Siku moja alijikaza akaenda hadi mlango wa ofisi ya walimu, aseme yaishe. Alimkuta Mwalimu Specioza akishona kichwa cha ng'ombe kwa gunia, anaimba peke yake. Minza akashindwa. Akasalimia, akarudi alikotoka.

Siku ya pili yake mwalimu akamwita pembeni. "Nina habari njema. Nimempigia baba yako simu, anakuja kwenye tamasha. Sikumwambia igizo linahusu nini, nataka tumshangaze. Likiisha tutamvika mgolole, shuka la heshima, mbele ya watu wote."

Minza akasema, "Asante, mwalimu." Usiku alipanga kumweleza shangazi, asubuhi akaona aibu. Akaomba mvua kubwa inyeshe tamasha liahirishwe, kisha akajionea haya, maana kwao Bukundi watu walililia mvua ili wapone. Asubuhi ya tamasha akasema anaumwa. Shangazi Apolonia akamgusa paji la uso.

"Mbona huna homa? Vaa twende. Baba yako yumo kwenye basi tangu alfajiri kwa ajili yako, na wewe ndiyo unaumwa?"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Minza aliiona imefika mwisho, na nyuma watu walikuwa wakimsukuma kwa furaha.

Uwanja ulifurika watu. Waandaaji walikuwa wameamua mashindano yafuate taratibu za ngoma za Usukuma: makundi mawili yanaanza kwa pamoja, moja upande huu, jingine upande ule, na watazamaji hupiga kura kwa miguu. Kundi litakalozungukwa na watu wengi ndilo mshindi. Shule ya Minza ilipangwa kushindana na shule moja kutoka Binza, Maswa.

Minza alipopanda jukwaani alimtafuta baba yake. Akamwona mbele kabisa, amevaa koti lake la kanisani. Na kando yake, ameegemea fimbo, alikaa Mzee Mayige.

Hilo hakuliwaza hata mara moja. Baba alikuwa amemleta Mzee Mayige mwenyewe, na sasa mzee yule angekaa pale aone wema wake ukivishwa mtu mwingine.

Igizo likaanza. Mvulana aliyeigiza baba aligawa ng'ombe wa gunia huku na huku, akijipiga kifua. Watu walitazama kidogo, wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja mfugaji akasema kwa sauti, "Mwaka ule nani alikuwa na ng'ombe wengi hivyo wa kugawa? Hawa watoto wanatudanganya." Upande wa pili watoto wa Binza walikuwa wakirusha majembe hewani na kuyadaka, huku wakiigiza jinsi mama zao walivyochimba kisima kwa mikono. Ngoma ikawaita watu, na watu wakaitika. Wakaondoka wawiliwawili, kisha makundi kwa makundi. Minza aliwaona wakienda. Zamu yake ilipofika hakuyatamka maneno yake, akarudi nyuma ya wenzake.

Walibaki wachache tu. Baba yake na Mzee Mayige hawakuinuka.

Mwalimu Specioza, ili kuokoa jahazi, akashika kipaza sauti. "Ndugu wazazi, mgawa ng'ombe mwenyewe yuko hapa. Mzee Luhende, karibu jukwaani."

Baba alisimama taratibu. Akapanda, akapokea kipaza sauti, akautazama ule mgolole mpya uliokunjwa vizuri. Kisha akamtazama binti yake. Minza alimjua baba yake. Baba akikubali, atakuwa mwongo kwa ajili ya mtoto wake; akikataa, atamwaibisha binti yake mbele ya shule. Na aliyemtia katika mtego huo si mwingine, ni yeye Minza mwenyewe.

Baba hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alimsogezea kipaza sauti, akasema kwa upole, "Sema wewe, mwanangu. Nakusikiliza."

Minza alilia kwanza. Halafu akasema. "Nilidanganya. Baba hakugawa ng'ombe. Ng'ombe wetu walikufa wote. Mdogo wangu Salu alikuwa anakufa njaa. Aliyetuletea ng'ombe ni Babu Mayige, yule pale. Nilisema ni baba kwa sababu niliona aibu kuwa sisi ndio tuliosaidiwa."

Uwanja wa upande ule ukaendelea na ngoma yake. Upande huu hakuna aliyepiga makofi, na waliokwenda upande wa Binza hawakurudi. Shule ya Minza ilishindwa, tena vibaya. Lucy alikuwa amejifunika uso kwa kichwa cha ng'ombe.

Baba alichukua mgolole, akashuka nao, akaufunika mabegani mwa Mzee Mayige. Mzee akaupapasa, akacheka kidogo.

"Ng'ombe wangu ana pembe moja," akasema. "Huyu wenu mmemshonea mbili. Ndiyo maana sikumtambua."

Minza akapiga magoti mbele yake. "Shikamoo, babu. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Inuka, utachafua gauni. Nilileta ng'ombe ili mtoto anywe, na mtoto amekunywa. Sikumleta ili nitajwe. Lakini ng'ombe wangu kutajwa kwa jina la mtu mwingine, hapana, hilo nalo limeniuma." Alisema hivyo bila kuficha, na Minza akainamisha kichwa.

Mwalimu Specioza alikuja akakaa karibu nao. "Na mimi nina kosa langu," akasema. "Niliambiwa kisa kiwe cha kweli, nikaridhika na jibu moja la mtoto. Jumatatu tutalitunga igizo upya, tulionyeshe shuleni kisa kikiwa kama kilivyotokea. Minza, wewe ndiye utakayewafundisha wenzako."

Kabla ya kupanda basi la kurudi, baba alimshika Minza mkono. "Sikiliza, mwanangu. Siku ile nilipompokea yule ng'ombe sikuona aibu. Ningeona aibu kama ningemsahau aliyemleta. Kupata shida si aibu, na kusaidiwa si aibu. Ukificha msaada uliopewa, unamwibia aliyekupa, na kesho jirani mwenye shida ataona haya kuomba, kwa sababu wewe uliona haya kusema. Jina langu usilipambe. Litunze tu."

"Nimesikia, baba."

"Na jingine," Mzee Mayige akaingilia kutoka dirishani mwa basi. "Yule ng'ombe amezaa jike. Ng'ombe ni wangu, ila ndama nimewaachia. Kawaambie wenzako na hilo, lakini usiongeze mkia."

Jumatatu asubuhi Minza alifika darasani na harufu yake ya dagaa. Wengine walimtazama kwa pembeni, na haikuwa rahisi kukaa pale. Lucy akapanga madaftari yake, akayapanga tena, halafu akashindwa kujizuia.

"Kwa hiyo kwenu mna ng'ombe wangapi?"

"Mmoja," Minza akasema. "Bado ananyonya."

Lucy hakucheka. Akasogea ampishe nafasi kwenye dawati, akauliza, "Ana rangi gani?"